Kuyasoma Maandishi ya Waliokufa Katika Barafu

Mwaka wa 1845, mwezi wa Mei, manowari mbili za Kiingereza, Erebus na Terror, ziliondoka Uingereza chini ya amri ya Sir John Franklin, kwenda kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini ya Amerika. Waliosafiri hata mwisho walikuwa watu 129, wala hakurudi hata mmoja. Katika nchi ile ya barafu yameonekana makaburi yao, mavazi, vijiko na karatasi, na juu ya vitu hivyo mna maandishi. Wenye elimu wamejitahidi kuyafumbua tangu siku zile mpaka leo. Katika makala haya twataka kuupima usomaji wao, tuone ni wapi waliposoma kwa haki, na wapi walipomwekea maiti maneno asiyoyasema. Jambo hili latuhusu sisi tuliofundishwa kusoma, maana kujua herufi ni jambo moja, na kusoma kwa uaminifu ni jingine.

Na tuanze na makaburi. Katika kisiwa cha Beechey, mwaka wa 1850, waliokwenda kumtafuta Franklin waliona makaburi matatu yenye vibao vya mbao. Cha kwanza chasema ya kuwa John Torrington, wa merikebu Terror, alikufa tarehe 1 Januari 1846, umri wake miaka 20. Cha pili ni cha John Hartnell, baharia wa Erebus, aliyekufa tarehe 4 Januari, miaka 25. Cha tatu ni cha William Braine, askari wa Erebus, aliyekufa tarehe 3 Aprili, miaka 32. Chini ya jina la Hartnell imeandikwa aya ya nabii Hagai, sura ya 1, mstari wa 7, iwaonyayo watu wazitafakari njia zao. Chini ya jina la Braine imeandikwa aya ya Yoshua, sura ya 24, mstari wa 15, iwatakayo watu wachague leo watakayemtumikia.

Wako waliozisoma aya hizo wakashuku. Walisema, Mbona marehemu aambiwe azitafakari njia zake? Mbona aambiwe achague bwana? Bila shaka palikuwa na fitina katika merikebu, labda hata uasi, na watu hawa walikufa katika hatia. Hivi ndivyo maneno machache juu ya ubao yalivyogeuzwa kuwa mashtaka.

Sisi hatuukubali usomaji huo, na sababu zetu ni tatu. Kwanza, twauliza maneno haya huambiwa nani. Maiti hawezi tena kuitafakari njia yake wala kuchagua. Aliye hai, asimamaye mbele ya kaburi na kofia mkononi, ndiye awezaye. Siku zile katika Uingereza ilikuwa desturi kuandika juu ya kaburi onyo kwa mpita njia. Pili, aya ina sura yake. Hagai anawakemea watu waliokaa katika nyumba nzuri huku nyumba ya Mungu imeachwa ukiwa, na Yoshua anasema na taifa zima lililokutanika Shekemu. Hakuna kati yao anayemhukumu mtu mmoja aliyekufa. Tatu, miili yenyewe imetoa ushahidi. Katika mwaka wa 1984 na wa 1986 wataalamu kutoka Kanada waliyafukua makaburi hayo, wakaikuta miili imehifadhiwa na baridi. Waliona dalili za maradhi ya mapafu, na madini ya risasi kwa wingi katika miili. Alama ya kuuawa hawakuiona.

Wahenga walisema, Asiyekuwapo na lake halipo. Hartnell na Braine hawakuwapo kujitetea, kwa hiyo kila msomaji mwenye mawazo mengi aliwagawia dhambi kama apendavyo. Huko ni kumsengenya maiti, wala kusengenya hakugeuki kuwa elimu kwa sababu kumepigwa chapa.

Tena Hartnell huyu anatupa fundisho la pili. Alipofukuliwa alikuwa amevaa shati lenye alama ya herufi T na H, pamoja na mwaka 1844. Jina lake ni John. T yatoka wapi? Ndugu yake Thomas Hartnell alikuwa baharia katika merikebu ile ile, na lile shati ni lake. Kama ubao wa kaburi ungalipotea, likabaki shati tu, watu wangaliandika ya kuwa Thomas ndiye aliyelala pale. Twaona basi ya kuwa jina lililo juu ya kitu hutaja mwenye kitu. Aliyekuwa nacho siku ya mwisho huenda akawa mwingine. Na vijiko vya fedha vya maofisa ni vivyo hivyo. Baadhi yake vina nembo ya ofisa, kisha vimekwaruzwa herufi za jina la baharia. Wengine wamesema viliibwa, na wengine kwamba maofisa waliwagawia watu wao ili vitu visipotee. Kijiko chenyewe hakisemi hili wala lile, na msomaji mwaminifu ataacha neno pale kijiko kilipoliacha.

Sasa tuitazame karatasi iliyo mashuhuri kuliko zote. Mwaka wa 1859 Luteni Hobson aliiona ndani ya mkebe wa bati, katika chungu ya mawe juu ya pwani ya kisiwa cha King William. Ina maandishi ya nyakati mbili. Ya kwanza ni ya tarehe 28 Mei 1847, nayo yasema ya kuwa merikebu zilipitisha majira ya baridi ya 1846 na 1847 katika kisiwa cha Beechey, na ya kuwa wote wazima. Ya pili yameandikwa pembezoni kuizunguka karatasi, tarehe 25 Aprili 1848. Yasema merikebu ziliachwa tarehe 22 Aprili, maana zilikuwa zimeshikwa na barafu tangu Septemba 1846. Sir John Franklin alikufa tarehe 11 Juni 1847. Waliokufa ni maofisa 9 na watu 15. Nao waliosalia, watu 105, wataondoka kesho kwa miguu kuuelekea mto wa Back. Tukijumlisha 24 na 105 twapata 129, wala hakukosekana mtu katika hesabu.

Lakini katika maandishi ya kwanza mna kosa. Vibao vya Beechey vyasema watu walizikwa pale tangu Januari hata Aprili 1846. Basi walikaa huko majira ya baridi ya 1845 na 1846, si ya mwaka uliofuata. Wino ulikosa, na ubao ukausahihisha. Hapa twawasifu wale waliolinganisha shahidi na shahidi, wala hawakuiamini karatasi kwa kuwa tu imetiwa sahihi na maofisa. Twasifu pia kwamba hawakuita kosa hilo uongo. Mkono ulioandika ni wa Kapteni James Fitzjames, naye alikuwa mwanadamu kama sisi tukoseapo tarehe katika barua. Hata lile neno la kuwa wote wazima si la kuchekwa. Siku 14 baadaye Franklin alikufa, lakini aliyeandika hakujua ya kesho.

Kuna na karatasi za Harry Peglar, baharia wa Terror, zilizoonekana mwaka ule ule wa 1859 kando ya mifupa ya mtu. Nyingi ziliandikwa kinyume, kila neno likianzia herufi yake ya mwisho, na tahajia yake ni ya mtu aandikaye kama asikiavyo. Watu walizifumbua kwa kiu kubwa, wakitumaini kupata siri ya msiba. Walichopata zaidi ni kumbukumbu za bahari za joto alizowahi kuzipita, nyimbo za mabaharia, na neno la Paulo kwa Wakorintho juu ya uchungu wa mauti. Wengine walivunjika moyo. Sisi twaona kwamba si haki kumlaumu baharia kwa kuwa hakuandika yale tuliyotaka kuyasoma.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Ile karatasi ya Hobson ilikuwa na maneno yaliyopigwa chapa kwa lugha sita za Ulaya, kumwomba atakayeiokota aipeleke kwa wakuu wa manowari Uingereza. Lugha ya Wainuiti, wenyeji wa nchi ile, haimo. Na Wainuiti ndio walioona. Mwaka wa 1854 walimweleza Daktari John Rae jinsi wazungu walivyokufa kwa njaa, na jinsi wengine walivyokula maiti za wenzao. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri, akaandika katika gazeti lake kwamba maneno ya watu kama hao hayafai kusadikiwa. Lakini mwaka wa 2014 Erebus ilionekana chini ya bahari upande ule waliousimulia wazee wao, na mwaka wa 2016 Terror ikaonekana baada ya Sammy Kogvik, Mwinuiti wa Gjoa Haven, kuwaeleza watafutaji alichokiona mwenyewe. Mwaka wa 2024 wataalamu walitangaza ya kuwa taya moja iliyookotwa kisiwani ni ya Fitzjames, mwandishi wa ile karatasi, na juu yake mna alama za kisu. Maneno ya mdomo yalikuwa kweli miaka mingi kabla ya kukubaliwa.

Hukumu yetu basi ni hii. Waliosoma vizuri ni wale waliouliza nani aliandika, lini, na kwa nani. Waliolinganisha ubao na karatasi, na karatasi na habari za wenyeji. Na waliojua kunyamaza. Nasi tunao msalaba wa mti makaburini, kitabu cha ubatizo chenye tarehe zilizofutika, na bibi mzee asiyejua kusoma, akumbukaye mwaka wa njaa mtu fulani alipozaliwa. Kitabu na bibi wakitofautiana, tusikimbilie kusema bibi amesahau. Tukae naye, tumwulize tena, ndipo tuandike.