Miti Mitatu na Kifungu cha 19

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, ya mwaka 2016, haina neno hata moja kuhusu mtaro wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Haitaji nyasi ya nepia, wala haisemi mkulima alime kuelekea upande gani wa mlima. Inaunda baraza la kitaifa linaloongozwa na Rais, inataka mpango wa nchi nzima kila miaka mitano, na katika kifungu cha 19 inaiagiza kila kaunti iziingize hatua za kukabili tabianchi katika mpango wake wa maendeleo, imteue waziri wa kaunti wa kuzisimamia, na kila mwisho wa mwaka wa fedha ipeleke ripoti mbele ya Bunge la Kaunti. Wapo wanaoiona ni sheria tupu. Mimi naona walioiandika walijua pa kunyamaza, maana hakuna aliye Nairobi awezaye kusema mtaro upite wapi katika shamba la Matete, kaunti ya Kakamega.

Awezaye ni mtu mwenye miti mitatu. Miguu miwili ya urefu wa mita mbili hivi hufungwa pamoja kileleni, mti wa tatu huikaza katikati, na kutoka kileleni huning'inizwa uzi wenye jiwe. Hiyo ndiyo fremu A, na ukiondoa misumari haina gharama.

Fremu mpya haiaminiwi hivi hivi. Fundi huisimamisha juu ya vigingi viwili, hungoja jiwe litulie, huchora alama pale uzi unapokatiza mti wa katikati. Kisha huigeuza, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, na kuchora alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Hapa ndipo ninapovua kofia: hata mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo, kule kugeuza kunaifuta kasoro hiyo. Chombo kimeundwa kwa miti iliyokatwa kwenye ua, nacho kinajisahihisha chenyewe kabla hakijagusa shamba la mtu.

Halafu huanza mwendo. Mguu mmoja unabaki kwenye kigingi, mwingine unapapasa juu na chini ya mteremko mpaka uzi uangukie alama ya kati. Kigingi kinapigwa. Fremu inazungushwa, mwendo unaendelea. Upepo ukivuma, kazi inasimama. Mwenye haraka hulishika jiwe kwa vidole na kuliachia taratibu. Wanaoshika vigingi kwa kawaida ni vijana, na neno wanaloambiwa zaidi ni “ngojeni.”

Vigingi vikishaisha, mstari huonekana umepindapinda, kwa kuwa kila kichuguu na kila shimo dogo limeacha alama yake. Sasa fundi hupanda juu kidogo, hutazama, hushuka, husogeza kimoja hatua moja, kingine nusu hatua. Plau ya ng'ombe haiwezi kufuata mstari wenye kona, lakini ukiunyoosha kupita kiasi maji yatapata pa kukimbilia. Hakuna kipimo cha sehemu hii. Ni jicho tu, na jicho hilo limefundishwa na mvua za miaka iliyopita.

Si kwamba sheria zote za Kenya zimenyamaza. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya zamani, zilitaja namba: mteremko unaopita asilimia 35 usilimwe, kati ya 12 na 35 ulimwe iwapo tu udongo umekingwa kwa namna itakayomridhisha afisa. Asilimia ni neno la karatasi, lakini shambani linapimika. Vuta kamba ya mita kumi, ining'inizie pima maji ya mwashi katikati, inyooshe sawasawa kutoka ardhi ya juu, kisha pima upande wa chini kutoka kamba hadi udongo. Ukipata mita moja na sentimita ishirini, umefika kwenye asilimia 12, na kanuni hizo zingekudai kinga ya udongo. Ukipata mita tatu na nusu, weka jembe chini upande miti.

Namba hizo ni nzuri. Kilichozitia doa ni historia: mkoloni aliwalazimisha watu kuchimba matuta, na mwaka 1947 wananchi wa Murang'a waligoma. Ndiyo maana nakithamini kifungu cha 24 cha sheria ya 2016, kinachoitaka serikali ya ngazi yoyote ielimishe umma na kushauriana nao inapotunga sera na sheria za tabianchi. Mikutano ya kushauriana na umma inachosha, nakubali, hasa anaposimama mtu wa kusifu wageni kwa nusu saa.

Kando ya maji, hata mpimaji mwenye subira hukuna kichwa. Kanuni za 1965 zilikataza kulima karibu na kijito, zikianzia kwenye mita mbili. Za rasilimali za maji za 2007 zikaanza kwenye sita na kufika thelathini. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, akaamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mkulima wa miwa anayepakana na kijito kinachoingia mto Nzoia huuliza apime kwa kamba ya nani, na swali lake ni halali. Udongo wake ukichukuliwa, mto huo unaupeleka mpaka Budalang'i, ambako mafuriko ni habari ya miaka nenda miaka rudi.

Kuna jambo jingine ambalo fremu haiwezi kulimaliza. Maji yaliyozuiwa na mtaro lazima yapate pa kutokea mvua inapozidi, na mashamba ya Matete yamegawanywa kwa urithi hadi yakawa membamba, yakishuka mlima kwa urefu. Mtaro wa mita arobaini unagonga mpaka wa jirani. Kanuni za 1965 zilimtazama mwenye shamba mmoja mmoja, ilhali sheria ya 2016 inaitazama kaunti nzima. Jirani na jirani wako katikati. Kwa hiyo fundi mzuri hapigi kigingi cha kwanza kabla hajaenda ng'ambo ya ua kusalimu, kukaa, kuulizia ng'ombe na watoto, na hatimaye kusema: “Mzee, tunataka kuyatoa maji upande huu. Tukipanda nyasi kwenye njia yake, nusu ya nyasi ni yako.” Mzee akikataa, mstari wote unapimwa upya kuelekea upande wa pili.