Gitaa Kavu, Gitaa la Bei

Mwaka jana kijana mmoja ninayepiga naye gitaa hapa Majengo, Embu, aliacha. Hakumtangazia mtu. Alilitundika gitaa ukutani karibu na kalenda, na wiki zikapita. Nilipomuuliza alinijibu kwa ufupi, "Hili ni la kiwanda tu, mazee. Nangoja nipate la ukweli."

La ukweli, kwa lugha yake, ni lile analoliona kwenye simu: limetengenezwa na fundi mmoja kwa mkono, mgongo wake una mistari ya mbao iliyokaa kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Magitaa ya aina hiyo huanzia kama dola 5,000, zaidi ya laki sita kwa hela zetu. Yeye lake alinunua Ksh 9,000. Nilipiga hesabu ya tofauti hiyo nikaona huyu msee hajaahirisha, ameacha kabisa.

Tukiulizwa kuhusu jambo hili huwa tuna majibu mawili. La kwanza ni la wauzaji: lipa zaidi, upige vizuri zaidi. La pili ni letu sisi wapenda zilizopendwa: kipaji hakinunuliwi, wazee walipiga vigitaa vya bei ya chini na bado tunawasikiliza. Mimi nilikuwa shabiki wa jibu la pili. Siku hizi yote mawili yananitia wasiwasi.

Desemba binamu yangu anayeishi Uholanzi alikuja nyumbani na gitaa la laki kadhaa. Uso ni mti wa sprusi, mgongo na mbavu ni mpingo kutoka Tanzania, mweusi mpaka unajiona ndani yake. Tukalipeleka pamoja na langu la kiwandani, la plaiwudi, kwenye veranda ya fundi seremala wa mtaa. Tukawaweka watu watano wametugeuzia mgongo: fundi mwenyewe, kijana wangu, mama anayeuza chapati na wanafunzi wawili waliokuwa wakipita. Binamu akapiga magitaa yote mawili, kitu kilekile, bila kusema ni lipi.

Alipopiga noti moja moja, polepole, wanne kati ya watano walichagua la mpingo. Hapakuwa na ubishi. Sauti yake ilikuwa nzito chini, safi juu, na iliendelea kulia hata baada ya kidole kuondoka. Lakini nilipochukua zamu na kupiga mtindo wa zamani, kidole gumba kikitembea na besi na cha shahada kikijibu mbio mbio, kura ziligeuka. Watatu walichagua langu. Mama wa chapati alisema, "Hilo lingine maneno yanaingiliana. Hili linaongea."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini tunaliita gitaa kavu. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizobandikwa kwa gundi. Haitikisiki kwa uhuru, kwa hiyo sauti inatoka na kufa haraka. Kwa muziki wa polepole huo ni umaskini. Kwa muziki ambao kila noti inaipisha nyingine mlangoni, kufa haraka ni adabu. Gitaa la binamu lilijengwa kwa ajili ya sikio linalopenda sauti ikae. Mtindo wetu ulikulia kwenye magitaa yasiyokaa na sauti. Kwa hiyo kabla hujauliza ni gitaa gani bora, uliza bora kwa wimbo gani.

Hata hivyo nisidanganye kwamba tofauti ni ya ladha tu. Fundi aliligonga gitaa la mpingo kwa kifundo cha kidole, akasogeza sikio, akagonga tena sehemu nyingine. Yeye hutengeneza vitanda na makabati ya meru oak, mti wa huku kwetu mlimani, na hajawahi kujenga gitaa. Akasema, "Huyu aliyetengeneza hili aliusikiliza ubao." Ni kweli. Hakuna mbao mbili zinazofanana, hata kutoka mti mmoja. Fundi wa mkono anagonga, anapunguza kidogo, anagonga tena, na ile mihimili ya ndani anaichonga kulingana na ubao alioushika siku hiyo. Kiwanda kinakata nyuso zote kwa unene mmoja, na mara nyingi kinaongeza unene kidogo, kwa sababu gitaa likipasuka mteja atalirudisha. Kiwanda kinajenga kwa kuogopa. Fundi anajenga kwa kusikiliza, ndiyo maana anachukua wiki nyingi na anatoza anavyotoza.

Lakini sehemu kubwa ya hadithi inayouzwa ni kuhusu mbao za mgongo, na hapo ndipo pana maneno mengi kuliko sauti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya na fundi Roger Bucknall. Alijenga magitaa sita yaliyofanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kutoka zile adimu za Brazili hadi za kawaida kabisa. Wapigaji 52 waliyapiga wakiwa wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma gizani, wasione wameshika lipi. Alama walizotoa zilikaribiana sana. Mbao ya bei kubwa haikuyashinda magitaa mengine, na wapigaji walishindwa kuyatofautisha kwa uhakika.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu, maana mpingo ni mti wetu. Unahitaji miaka 70 na zaidi kukomaa, na ni mzito hata unazama majini. Jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 2017 ili biashara yake ya kimataifa idhibitiwe, kisha vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiliwa mwaka 2019. Kuna vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna misitu yao kwa utaratibu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini thamani kubwa huongezeka baada ya mti kupanda meli. Kijana wa Majengo anaukuta kwenye simu yake, uking'aa, na anaambiwa kwamba bila huo yeye si mpigaji. Mti uliokua mashariki mwa Afrika umerudi kumvunja moyo mtu wa mashariki mwa Afrika.

Sasa jibu la pili, la wazee. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, na "Masanga" ikawa shule ya wapiga gitaa kote huku. George Mukabi aliitikisa magharibi mwa Kenya kabla hajafariki mwaka 1963, gitaa lake likisindikizwa na chupa ya soda. Hata John Lennon mwaka 1957 alikuwa na Gallotone Champion, gitaa rahisi la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, lenye kibandiko kinachoahidi kwamba halitapasuka. Tunapenda hadithi hizi kwa sababu zinatuondolea aibu ya mfuko.

Tatizo ni kwamba zinawahesabu walioshinda peke yao. Nani aliwahesabu walioacha? Kwa kila mzee aliyerekodiwa, huenda walikuwepo kumi ambao vidole vilivuja damu wakadhani hawana kipaji, kumbe gitaa lilikuwa bovu. Kumwambia kijana "wazee walipiga hivyo hivyo" kunafanana na hadithi za watu waliotembea kilomita kumi kwenda shule bila viatu. Inawezekana walitembea. Viatu bado vingewasaidia.

Nilimlazimisha yule kijana alete gitaa lake. Fundi akapima nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12: milimita tano. Kawaida ni kama mbili na nusu. Kumbe kila alipobonyeza alikuwa anapigana na waya. Akipiga juu ya shingo, noti zinatoka nje ya sauti, naye alikuwa ameamini kwamba sikio lake ndilo bovu. Hata mimi niliyekaa karibu naye miezi yote hiyo sikuwahi kulichukua gitaa lake mkononi nikalipiga. Nilikuwa nimemkalia na mahubiri ya Mwenda Jean Bosco.

Marekebisho hayakuhitaji Uholanzi. Fundi alikitoa kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Tukaenda bucha, tukapewa mfupa wa mguu wa ng'ombe bure. Aliuchemsha, akaukausha siku kadhaa, akaukata na kuusugua kwa msasa mpaka ukakaa sawa. Akazama kidogo zile njia za nyuzi pale juu shingoni. Kazi Ksh 800, nyuzi mpya Ksh 600. Sauti haikugeuka ya mpingo. Ni plaiwudi ileile. Ila sasa linabonyezeka, na noti zake ni za kweli.

Ninachokiona ni kwamba lile gitaa la laki kadhaa linauza vitu viwili vilivyofungwa pamoja: mbao adimu, na saa nyingi za mtu aliyelisikiliza gitaa hilo moja. Cha kwanza hakina uzito tunaoambiwa. Cha pili kina uzito wote, na kiwanda hakiwezi kukuwekea kwenye katoni. Lakini sehemu yake unaweza kuiongeza baadaye, mtaani, kwa fundi mwenye sikio na faili kali. Mtu akiniuliza leo, nitamwambia anunue la kiwanda analoweza kulilipia bila mkopo wa simu, abakishe elfu mbili za fundi.

Januari ilipokauka, gitaa la binamu lilianza kulalamika. Mbao nzima hunywa na kutoa unyevu, na ncha za freti zikaanza kukwaruza vidole. Alilifunga kwenye sanduku lake na kisifongo cha maji ndani, akarudi nalo. Nililitamani mpaka dakika ya mwisho, sikatai. Kwenye arusi ya wiki iliyofuata, yule kijana alipiga wimbo wa tatu hadi wa saba bila kupumzika. Baadaye nilimwangalia vidole. Vilikuwa vyekundu kidogo tu, kawaida.