Mabaki Yaliyogeuka Mawe: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Ubaoni

Sentensi inayohakikiwa hapa ni fupi, na walimu wengi wa shule za msingi huiandika ubaoni pasipo wasiwasi: "Visukuku ni mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka kuwa mawe." Nimeikuta, kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, katika madaftari ya watoto wa Kibaha, na nimeikuta tena Kisarawe. Haina kosa la sarufi. Inakaririka upesi, na mtoto akiulizwa huitoa kama alivyopewa. Hata hivyo, ikipimwa kwa mizani ya istilahi, karibu kila neno lililomo humpeleka mtoto mahali asipotakiwa kwenda, na neno la hatari kuliko yote ni lile ambalo halidhaniwi kuwa ni istilahi kabisa.

Neno kisukuku lenyewe halina ubaya. Halimkumbushi mtoto kitu anachokijua, na wapo wanaoliona hilo kuwa ni upungufu. Mimi naliona kuwa ni sifa. Neno lisilo na mzigo wa maana za zamani hubeba maana mpya bila kuyumba. Taabu yake imeanzia magazetini, ambako siku hizi "nishati ya kisukuku" hutajwa karibu kila wiki. Mtoto ambaye kisukuku pekee anachokijua ni mfupa wa Tendaguru hudhani kwamba petroli imekamuliwa kutoka mifupa ya dinosaria. Yafaa aambiwe mapema kwamba mafuta na gesi, ikiwamo gesi ya Songo Songo iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, asili yake ni mimea na vijiumbe vidogo mno vilivyozikwa chini ya matope. Baada ya hapo neno litajitetea lenyewe.

Tatizo linaanza katika neno mabaki. Mabaki ni kile kilichosalia baada ya kingine kuondoka: mabaki ya chakula, mabaki ya nyumba iliyoungua. Je, katika kisukuku kimesalia nini? Mifupa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ni ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Umbo la mfupa limesalia, lakini madini yaliyoletwa na maji yamejaza vitundu vyake, na mahali pengine yameshika nafasi ya mfupa wenyewe. Kwa hiyo ni mabaki kwa nusu. Laetoli hali ni tofauti kabisa. Huko, miaka milioni 3.66 iliyopita, wanyama na zamadamu walipita juu ya majivu ya volkano yaliyokuwa yamelowa, majivu yakashika alama za nyayo, yakawa magumu, yakafunikwa. Nyayo za zamadamu hao zilipofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, hapakuwa na unywele wala ukucha wa waliopita pale. Mtoto aliyeshika barabara neno mabaki atakataa kwamba nyayo hizo ni visukuku, na mantiki iko upande wake. Tukisema visukuku vya mwili na visukuku vya alama, ubishi huo utakwisha, na neno mabaki litabaki kwa mafundi wa mambo ya kale wanaolihitaji kwa vigae na magofu.

Ipo hali ya tatu, nayo inawahusu watu wa Kibaha na Kisarawe kuliko wengine, kwa kuwa kitu chenyewe kilichimbwa katika ardhi yao. Nakusudia sandarusi. Wilaya hizo mbili zimo katika nchi iliyoitwa Uzaramo, na katika karne ya 19 Wazaramo walikuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa sandarusi iliyopelekwa Unguja na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Utomvu ukidondoka mbichi hunasa sisimizi, mbu, buibui, na kipande cha jani. Ukizikwa ardhini kwa muda mrefu hukauka, hung'aa, na humhifadhi mdudu na mabawa yake yote. Hapa hakuna kilichogeuka jiwe. Ni mwili wenyewe, umefungiwa.

Litazameni sasa jambo la lugha. Wachimbaji na wafanyabiashara wa Mrima hawakuwa na jina moja kwa utomvu wote huo. Ule mbichi, uliochumwa mtini au kuokotwa chini yake, waliuita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Ule uliokomaa ardhini ndio sandarusi ya kweli, na mnunuzi aliutambua baada ya kuuosha kwa vipele vilivyofanana na ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliieleza tofauti hiyo, pamoja na jinsi wafanyabiashara wa kigeni walivyolisikia vibaya neno chakazi, wakaligeuza kuwa jina la punda dume katika lugha yao. Kisha Kiswahili kina neno kaharabu, kwa utomvu uliokaa makumi ya mamilioni ya miaka kama ule wa pwani ya bahari ya Baltiki. Chakazi, sandarusi, kaharabu: ngazi tatu za umri wa kitu kimoja, na hakuna hata moja iliyobuniwa na kamati. Wataalamu wameipima sandarusi ya Afrika Mashariki na kukuta vipande vingi kuwa ni vya miaka michache mno kwa hesabu ya miamba, hivyo hawavihesabu kuwa visukuku kamili. Jambo hilo halipunguzi thamani yake darasani, laiongeza. Ni kisukuku kilichokamatwa njiani. Inasikitisha kwamba maneno haya matatu hayaonekani katika somo lenyewe, huku mtoto wa Kisarawe akifundishwa kwa mfano wa mnyama asiyepata kumwona popote ila katika picha.

Nalipitia haraka neno kale. Magofu ya Kaole, kule Bagamoyo, ni ya kale. Zana za mawe za Isimila ni za kale. Dinosaria wa Tendaguru ni wa kale. Neno moja linabeba karne chache, miaka laki kadhaa na miaka milioni 150. Si ajabu basi kwamba watoto huwaweka dinosaria katika zama za masultani wa Kilwa. Dawa yake haihitaji istilahi mpya; yatosha kuandika tarakimu.

Sasa tufike kwenye lile neno la hatari, nalo ni kugeuka. Katika ngano zetu, mtu hugeuka fisi usiku, na msichana aliyevunja mwiko hugeuka jiwe. Kitenzi hiki kina mtendwa mmoja, aliye mzima, anayekuwa kitu kingine kwa mara moja. Mtoto anapoambiwa kwamba mfupa uligeuka jiwe, hukubali bila shida, maana amekwisha kuyasikia hayo kwa bibi yake. Wiki inayofuata huambiwa kwamba viumbe wa kwanza waligeuka samaki, samaki wakageuka wanyama wa nchi kavu, na hatimaye akapatikana mtu. Mwalimu mmoja wa Kisarawe alinieleza swali aliloulizwa hapo: mbona tumbili wa msitu wa Pugu hawageuki watu siku hizi? Darasa zima lilicheka. Lakini mtoto yule alikisoma kitenzi sawasawa. Kama kugeuka kulitokea, kwa nini kumekoma? Wengi hudhani kwamba ugumu wa somo hili unatokana na dini tu. Mimi naamini kwamba sehemu yake kubwa inatokana na kitenzi.

Sisi watu wa lugha tunao mfano bora kuliko wa tumbili. Kizaramo na Kiswahili ni ndugu. Kizaramo hakikugeuka Kiswahili, wala Kiswahili hakikugeuka Kizaramo; zote mbili zimetokana na lugha mame ambayo leo haisemwi na mtu yeyote. Hakuna mama aliyelala akisema lugha ile akaamka akisema nyingine. Kila kizazi kilielewana na kile kilichokizaa, na bado, baada ya vizazi vingi, watu wa pande mbili hawakuelewana tena. Mtoto wa Kisarawe ambaye babu yake husema Kizaramo anao ushahidi huo nyumbani. Kwa mfano huo ataelewa kwamba mtu na tumbili wana mhenga mmoja aliyetoweka, na kwamba linalobadilika ni ukoo, si mnyama mmoja mmoja.

Kuhusu nomino, yamependekezwa mabadiliko, mageuzi na mageuko. Mabadiliko ni pana mno. Hutumika hata kwa hali ya hewa na ratiba ya basi. Mageuzi yamekwisha chukuliwa na siasa, hasa tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992. Nabaki na mageuko, kwa kuwa yamekwisha zoeleka katika vitabu, ila kwa sharti kwamba kitenzi chake kisifuatane nayo darasani. Isemwe kwamba ukoo ulibadilika kizazi baada ya kizazi. Na kwa mfupa isemwe kwamba madini yalishika nafasi yake. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayana uchawi ndani yake.

Neno zamadamu nalo lina la kusemwa. Limeundwa kwa ustadi, zama likiungana na kipande cha binadamu. Lakini kipande hicho ni jina la Adamu lililokatwa, na mtoto husikia damu. Wapo walimu wanaoona taabu kusema binadamu wa kabla ya Adamu, na kwa mujibu wa etimolojia wana haki. Zamadamu linawaokoa, na kwa ajili hiyo nalitetea. Nisilolitetea ni ule mchoro wa foleni, ambamo zamadamu wa Olduvai aliyegunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, akaitwa Zinjanthropus kwa jina la kale la pwani yetu, anasimamishwa kama babu mzaa babu yetu. Alikuwa ndugu wa babu, aliyekufa bila kuacha kizazi. Lugha yenye majina ya jamaa kama yetu haina udhuru wa kuwapanga foleni.

Nao wageni wanatupita. Mwaka 2010 mnyama wa bonde la Ruhuhu alipewa jina Asilisaurus kongwe, na mamba mdogo wa Rukwa mwenye meno kama ya paka akaitwa Pakasuchus. Dinosaria wawili wa Rukwa wakafuata, Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, huyu wa mwisho kwa sababu pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Muundo wa jina hilo ungekataliwa katika kikao chochote cha istilahi, lakini mtoto wa darasa la tano hulielewa bila kamusi.

Badala ya sentensi ya ubaoni, napendekeza hii: "Kisukuku ni mwili, kipande cha mwili, au alama ya kiumbe hai kilichoishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, vilivyohifadhika katika mwamba au udongo." Walimu niliowaonyesha walisema ni ndefu kwa kukaririwa, nami nakiri ni kweli. Kwa kipimo chake, vipande vingi vya sandarusi havitimizi umri. Mwalimu avilete hata hivyo, aviweke mezani kando ya chakazi na tone la utomvu mbichi, kisha awaulize watoto kipi kinaingia katika sentensi na kipi kinabaki nje, na kwa nini.