Muhuri Haugongwi

Kwenye kaunta za ofisi zetu muhuri hugongwa. Karani huinua mkono, huushusha kwa kishindo, kisha karatasi nyingine, na neno lenyewe tumelizoea hivyo: kagonge muhuri, fomu haijagongwa muhuri. Fundi niliyemtembelea Moshi mwezi Julai alifanya kazi hiyo ya kaunta miaka mingi kabla ya kustaafu. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu na kunimiminia chai, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba mkono wake ilibidi aufundishe upya. "Muhuri haugongwi, mwanangu," alisema. "Unakalishwa."

Sasa anatengeneza kadi za salamu kwa mihuri ya mpira na wino, akiongezea maganda ya mgomba na vipande vya kanga. Hutengeneza za Krismasi, za Idd, za harusi, za kumpa hongera mzazi. Siku ile alikuwa na oda ya kadi 12 za wauguzi wanaohitimu, ameagizwa na mwalimu wao, na zote ziwe na neno moja tu: Hongera. Nilikuja nikikusudia kukaa saa moja. Nilikaa siku mbili, na ya tatu nikarudi kuziona zimekauka.

Kazi inaanzia kwenye karatasi. Fundi alichukua shiti la A4 la gramu 250 kwa mita ya mraba, karatasi yenye uzito wa mara tatu na zaidi ya ile ya fotokopi ya gramu 80. Akalishika kwa viganja viwili, akalipinda kidogo kwa urefu, akaligeuza akalipinda kwa upana. Upande mmoja lilikubali, upande wa pili likakaidi. Nyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja tangu kiwandani. Anayekunja kwa kuzikata hupata mgongo wenye nyufa, na anayekunja kwa kuzifuata hupata mkunjo laini kama wa suruali iliyopigwa pasi. Shiti lile nyuzi zake zilikwenda kwa urefu. Akalikata katikati, likatoa vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, ambavyo vikikunjwa katikati ya upande mrefu mkunjo unafuata nyuzi zile zile. Kadi ikikunjwa ni milimita 105 kwa 148. Bahasha yake ni ya C6, milimita 114 kwa 162. Nafasi inayobaki, milimita 9 upande mmoja na 14 upande mwingine, ndiyo inayoruhusu kadi inenepe kwa vitakavyobandikwa juu yake.

Hakunji kwa vidole vitupu. Aliweka rula ya chuma, akapitisha peni iliyokwisha wino, mara ya kwanza kwa wepesi na ya pili kwa kukaza, mpaka ukatokea mfereji mwembamba. Akakunja mfereji ukiwa nje, akafunika kwa karatasi chakavu na kuusugua kwa mgongo wa kijiko. Karatasi chakavu ni ya kuzuia kijiko kisiache mng'ao kwenye kadi. Alitumia mashiti 7, zikapatikana kadi 14. Mbili ni za ziada, na sikumuuliza kwa nini.

Mihuri anaitengeneza mwenyewe. Maumbo makubwa huyakata kwa mkasi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, anayopewa na fundi pancha wa jirani. Huiosha kwa sabuni mpaka poda yote ya ndani itoke, huichora kwa peni, huikata, kisha huibandika kwenye kipande cha ubao kwa solusheni ile ile ya pancha. Solusheni ina adabu yake: inapakwa pande zote mbili, inasubiriwa ipoteze mng'ao, ndipo vitu vinakutanishwa, na vikishakutana havisogezwi tena. Nilimwona akikaa na ubao mkono huu na kipande cha mpira chenye umbo la korosho mkono ule, bila kusema neno, mpaka mng'ao ukaondoka.

Kwa nini mpira, na mbao anazo? Mbao ngumu inagusa karatasi mahali palipoinuka tu. Mpira unabonyea, unaingia kwenye vibonde vya karatasi, kisha unarudi ulivyokuwa. Mpira wa asili hauna tabia hiyo daima. Ukiachwa hivi hivi hunata kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyepata hataza mwaka 1844 ya kuuchanganya na salfa na kuupasha moto ili utulie. Korosho ile, na pancha zote za barabara ya Moshi, zinategemea mchanganyiko huo.

Herufi ni kazi nyingine. Hizo huzichonga kwenye ufutio mkubwa mweupe, kwa patasi ndogo yenye mdomo wa pembe. Neno huandikwa kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, karatasi inageuzwa uso chini juu ya ufutio na kusuguliwa kwa ukucha, na penseli inahamia ikiwa imejigeuza yenyewe. Katika Hongera iliyoandikwa kwa herufi kubwa, H, O na A hazina nyuma wala mbele, zinasomeka vile vile zikigeuzwa. N, G, E na R ndizo zinazomsaliti mchongaji mwenye haraka. Alizianza hizo nne kwanza, macho yakiwa bado mapya.

Nilitazama mikono yake kwenye tumbo la G. Patasi haikuzunguka. Mkono wenye patasi ulitulia mezani, na ufutio ndio uliogeuzwa polepole chini yake, kama mwuza machungwa anavyozungusha chungwa kwenye kisu. Kila mkato aliulaza nje kidogo, ili herufi iwe pana chini na nyembamba juu. Kuta zikikatwa kwa kuingia ndani, herufi hulegea na kuyumba ikikandamizwa, na baada ya kadi chache huvunjika. Herufi saba zilimchukua asubuhi nzima.

Mchana ndipo wino ulipofunguliwa. Chini ya kadi alitandika magazeti makuukuu, kurasa chache tu, ili karatasi ipate mto wa kulalia. Muhuri hakuuchovya kwenye pedi. Aliushika mpira ukitazama juu, akaigusisha pedi yenyewe kwa miguso myepesi mingi, akaelekeza mpira kwenye mwanga wa dirisha kuona kama kuna mahali pakavu au pana ziwa la wino. Muhuri wa kwanza ulikwenda kwenye karatasi chakavu. Wa pili pia.

Halafu akakalisha. Nitaeleza kama nilivyoona, kwa sababu hapa ndipo ulipo ufundi wote. Aliuteremsha ubao wima, bila kuutanguliza upande wowote, ukagusa. Mkono uliouteremsha ukabaki umeushikilia tu. Kidole cha mkono mwingine kikakandamiza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na mwisho katikati. Akapumua. Akauinua wima kama alivyouteremsha. Hakukuwa na sauti yoyote. Anayegonga hupata alama mbili, ya kutua na ya kuruka, na mpira uliopigwa hupanuka pembeni na kuacha kingo nene. Korosho ya fundi ilikuwa na kingo kama iliyokatwa kwa wembe.

Alipanga kadi kama kanga inavyopangwa: pindo, mji, jina. Pindo lilikuwa la korosho 16 kuzunguka ukingo. Nilitegemea zote zifanane, na hapo ndipo fundi alipofanya jambo ambalo bado nalifikiria. Korosho ya kwanza aliikalisha kwa wino mpya. Ya pili aliikalisha kwa wino uliobaki kwenye mpira, bila kurudi kwenye pedi. Ikatoka hafifu, kama kivuli cha ile ya kwanza. Akatia wino tena, iliyokolea, kisha hafifu, na pindo zima likaanza kwenda, likazunguka kadi kama watu wanaocheza kwa kupokezana. Mashine ingeona wino hafifu ni kasoro. Yeye anajua muhuri mmoja una rangi ngapi ndani yake, na anazitoa kwa zamu.

Katika jicho la kila korosho alitia kitone cha rangi ya chungwa kwa ncha ya brashi. Korosho 16 kwa kadi 14 ni vitone 224, na kila baada ya kadi mbili aliweka brashi chini na kunyoosha vidole. Kazi hii ya kumalizia kwa mkono ni ya zamani sawa na kadi zenyewe. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, aliyoiagiza Henry Cole huko London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilichapwa kwa jiwe, kisha rangi zikapakwa kwa mkono.

Mji alijaza kwa ganda la mgomba. Mgomba si mti wa mbao. Shina lake ni maganda yaliyokumbatiana, na ukishazaa mkungu mmoja hukatwa. Yale maganda ya nje, yaliyokauka yakiwa bado yamesimama shambani, ndiyo anayoyachukua. Huyafuta kwa kitambaa chenye unyevu, huyafungua, huyalaza chini ya ubao na matofali kwa siku kadhaa. Hayatii rangi. Utomvu ule unaoharibu nguo zetu umekwisha kuyapaka, kuanzia rangi ya majani makavu hadi kahawia ya kahawa iliyokaangwa, na kwenye ganda moja unaweza kuzipata zote. Alikata kila kipande mahali ambapo rangi mbili zinakutana, ili kiwe na upeo, kama ardhi na anga. Juu yake kikaja kipande cha kanga chenye umbo la taa ya chemli, taa ya wauguzi wa zamani, kutoka kwenye mabaki ya fundi cherehani. Kitambaa alikuwa amekichovya kwenye wanga mwepesi na kukipiga pasi mpaka kikakakamaa, kikakatika bila kuchambuka nyuzi. Gundi aliipaka kwa brashi, nyembamba, kutoka katikati kwenda nje, maana gundi ikizidi maji karatasi hukunjamana. Usiku kadi zikalala chini ya mbao mbili na vitabu.

Jina, yaani lile neno Hongera, liliachwa hadi siku ya pili, kwa kuwa ndilo lisilosameheka. Kabla ya kutia wino aliipapasa nafasi ya neno kwa kifuko cha kitambaa chenye poda ya mtoto, karatasi isibaki na unyevu wala mafuta ya vidole. Safari hii wino ulikuwa wa pigmenti, mzito, ambao haunywewi upesi na karatasi bali hukaa juu yake ukiwa mbichi. Akaukalisha muhuri wa Hongera. Papo hapo akamwaga juu yake unga laini wa dhahabu, akaitikisa kadi, na unga wote ukaanguka isipokuwa ulionata kwenye wino. Ulioanguka akaurudisha kwenye kopo. Chembe tatu zilizopotea njia akaziondoa moja moja kwa brashi kavu.

Pasi ya umeme ilikuwa imepinduliwa, imebanwa kati ya matofali mawili, uso juu. Akaishika kadi kwa kingo, mgongo wake ukiwa sentimita moja hivi juu ya chuma, akangoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha kona ya H ikalowa, unga ukayeyuka na kuwa kitu kimoja kinachong'aa, na mng'ao ukatembea: O, N, G, kila herufi ikiamka kwa zamu kadiri alivyoisogeza kadi. Ilipofika kwenye mguu wa mwisho wa A akaiondoa mara moja. Unga uliopashwa kupita kiasi hufifia na kuzama kwenye karatasi. Baridi ya Julai iliugandisha kabla hajaiweka chini, na neno likabaki limeinuka, unalihisi kwa ncha ya kidole.

Kadi ya tisa ilipata doa, E imeungana na R. Aliitazama, akaiweka pembeni ya meza, akachukua inayofuata kwa mwendo ule ule. Nilisubiri asikitike au aharakishe. Wala hakupumzika zaidi ya kawaida. Ya kumi ilitoka safi kuliko zote.

Siku ya tatu nilizikuta zimepangwa ukutani, 13 nzuri na ile moja ambayo atatumia kujaribia wino. Alizichagua 12, akapitisha kiganja juu ya kila moja kutafuta kilichobanduka, akazitia kwenye bahasha. Ndani ya kadi hakuweka chochote. "Huko kwa mwalimu," alisema.

Ukiletewa kadi ya namna hii, ishike kwa kingo, na usiiweke dirishani. Wino wa pindo huchujuka juani, na ule hafifu ndio unaotangulia kupotea. Ihifadhi ndani ya kitabu.