Neno Moja, Nusu Ukurasa

Daftari la mpwa wangu limechakaa pembeni, na ndani yake mna kazi tatu za nyumbani za fasihi ya Kiingereza. Mbili za kwanza alizimaliza jioni moja bila kufungua kitabu. Ya tatu ilimla siku nne, ikamtoa nje ya ua, ikamfanya abishane na mama yake, na jibu lenyewe halikuzidi nusu ukurasa. Mwalimu ni yuleyule, darasa ni lilelile. Kilichobadilika ni swali. Nimezipitia kazi hizo kama mafundi wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wanavyopitia gari lililogoma: dereva muache kwanza, tafuta waya ulipokatika.

Binti yuko mwaka wa pili wa sekondari ya juu, mchepuo wa lugha. Nyumbani ni Kiswahili, kama ilivyo kwa Buyenzi karibu nzima. Sokoni Ruvumera Kiswahili na Kirundi hupishana ndani ya sentensi moja, na darasani ni Kifaransa. Kiingereza kinakuja cha nne. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikipa hadhi ya lugha rasmi, miaka saba baada ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila hadhi haimpi mtoto msamiati. Ongeza na hali ya nyumba: familia tatu ua mmoja, umeme unaokatika magharibi, fundi anayegonga bodi ya gari ng'ambo ya barabara mpaka adhana ya isha. Nakala ya kitabu ni moja kwa watoto watano au sita. Kazi ya nyumbani inayojifanya haya yote hayapo imekwisha kushindwa kabla chaki haijagusa ubao.

Kazi ya kwanza iliwataka waeleze kisa cha Three Suitors: One Husband na kutaja dhamira nne. Ni tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, na waliosoma sekondari Tanzania wengi wanaijua vizuri. Majibu ya swali hilo yalishapikwa yakapakuliwa zamani: mahari, nafasi ya mwanamke, mgongano wa vizazi, rushwa. Yamo katika miongozo, yamo katika simu. Mpwa wangu aliyapata kwa WhatsApp. Nililinganisha daftari lake na madaftari mawili ya watoto wa jirani, na katika yote matatu jina la kijiji, Mvoutessi, limepoteza herufi moja ya s mahali palepale. Herufi hiyo iliyopotea inaeleza safari ya jibu vizuri kuliko jibu linavyoieleza tamthilia.

Wazazi husema watoto wa siku hizi ni wavivu. Mimi naona swali liliomba kitu kilichokuwapo tayari, na mwenye akili hafinyangi chungu ambacho jirani anakigawa bure.

Kazi ya pili iliuliza kama jina la tamthilia linasadifu yaliyomo. Swali hili wasomaji wa Kiswahili tunalijua kama shati la shule. Sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyejibu kwamba halisadifu. Jibu ni ndiyo kabla ya kusoma, halafu unatafutwa ushahidi wa kuivalisha ile ndiyo.

Inasikitisha, maana tamthilia hiyo ina mambo ambayo mtoto wa Buyenzi angeyachambua akiwa amefumba macho. Ina hesabu. Baba wa Juliette anapokea faranga 100,000 kutoka kwa mkulima Ndi, kisha 200,000 kutoka kwa Mbia, mtumishi wa serikali. Juliette, anayempenda mwanafunzi Oko, anashirikiana na mpenzi wake kuziiba zote 300,000, na pesa hizohizo zinarudi kwa baba zikiwa mahari ya Oko. Waulize watoto: mwisho wa mchezo baba ana faranga ngapi ambazo hakuwa nazo, na anadaiwa na nani? Hapo mtu atafungua kitabu, tena atakifungua akiwa na kalamu ya kuhesabia. Kuna na jambo la pili ambalo lingefaa zaidi Bujumbura kuliko Dodoma. Oyono-Mbia aliitoa tamthilia hii kwa Kifaransa mwaka 1964, kisha akaigeuza Kiingereza mwenyewe. Mwanafunzi anayesoma kwa Kifaransa ana uwezo wa kumfuata mwandishi anavyojitafsiri, nafasi ambayo mwenzake wa Tanzania hana. Haikutumika.

Tuingie kwenye ya tatu.

Mwalimu aliandika ubaoni mistari 14 ya onyesho la mahakama katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, kila mstari na namba yake, darasa likanakili. Chini yake akaweka maswali mawili. Kwanza: katika mistari hii, nani hasa anayeitwa merchant, na unajuaje? Taja namba ya mstari. Pili: Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia hii mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Muulize mtu aliyekuzidi angalau miaka 30 maana ya neno bepari, kisha uamue kama wewe ungelitumia. Nusu ukurasa, kwa Kiingereza, alama 10.

Angalia kwanza yale yasiyoonekana. Hakuna fotokopi, kwa hiyo hakuna mtoto aliyekosa maandishi kwa kukosa pesa. Kunakili kulikula dakika 20 za kipindi, na mwalimu mwingine angeona zimepotea bure. Hazikupotea. Watoto wengi wa mtaa huu wamepita chuoni, madrasa, wakaandika aya kwa mkono wao na kurudishwa nyuma kwa kukosea irabu moja. Wanajua tangu wakiwa na miaka sita kwamba alama ndogo juu ya herufi inaweza kugeuza maana nzima. Usomaji wa karibu unaohubiriwa na walimu wa fasihi, wao walishaufanya kwa Kiarabu. Mwalimu huyu aliuhamishia kwenye Kiingereza bila kuutaja kwa jina, na watoto wakauingia kama nyumba wanayoijua.

Namba za mistari nazo si pambo. Katika mtihani wa kidato cha nne Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza humchapia mtahiniwa dondoo la kitabu teule, naye hujibu akilitazama. Hilo humkinga asielee. Namba ya mstari inakaza zaidi: huwezi kusema "mwandishi anaonyesha" bila kuweka kidole mahali anapoonyesha.

Halafu swali lenyewe. Karibu kila mtu, wakubwa kwa wadogo, akiulizwa mfanyabiashara wa Venice ni nani hutaja Shylock, kwa sababu ndiye anayekumbukwa. Siye. Mfanyabiashara ni Antonio, mwenye merikebu baharini, anayechukua dhamana ya mkopo wa dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake. Shylock ndiye mkopeshaji. Shakespeare mwenyewe anauchezea mkanganyiko huo: Portia anapoingia mahakamani amevaa kama mwanasheria, jambo mojawapo la kwanza analouliza ni yupi kati ya wale wawili ndiye mfanyabiashara na yupi ndiye Myahudi. Mstari huo ulikuwamo kati ya ile 14. Mpwa wangu aliandika Shylock, akaufikia, akakata kwa wino. Ule mkato kwangu una thamani kuliko kurasa mbili za dhamira.

Sasa neno bepari. Kiingereza kina merchant mmoja, Kifaransa kina marchand mmoja, Kirundi kingesema umudandaza. Nyerere kaweka wingi: mabepari. Kwa herufi mbili za mwanzo amewatia kundi moja watu ambao Shakespeare anawagonganisha mahakamani. Mwaka ni 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo limejaa midomoni mwa kila mtu Tanzania likiwa na harufu ya unyonyaji. Lakini lina ukoo wa zamani. Lilitujia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, likiwa na maana ya mtu wa biashara tu, bila tusi. Mfasiri alichukua neno lenye sura mbili akaliweka kwenye jalada, na mtu anayelitazama ndiye anayeamua anaona sura ipi. Huyu hakuwa mfasiri wa kulipua kazi. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, Julius Caezar ya mwaka 1963, aliirudia na kuitoa upya mwaka 1969 ikiwa Juliasi Kaizari. Rais wa nchi alisahihisha daftari lake mwenyewe.

Mpwa wangu hakuyajua hayo. Alikwenda kwa mzee anayeuza vitambaa avenyu ya jirani, akamkuta amekaa kibarazani. Mzee alimwambia bepari ni mtu mwenye duka kubwa, basi. Baba yake alikuwa akiitwa hivyo na alikuwa akiona fahari. Kurudi nyumbani, mama yake, ambaye ni dada yangu na amekulia Kigoma, aliposikia alicheka. Bepari ni mnyonyaji, alisema, redio ilituimbia hivyo kila siku, huyo mzee anajipamba. Binti akawa na mashahidi wawili waliokula kiapo kinyume. Alirudi kwa mzee siku ya pili, safari hii na kisa chenyewe: kuna mkopeshaji, anamchukia mfanyabiashara kwa sababu yule anakopesha bila riba na kumharibia soko. Mzee hakuhitaji maelezo ya ziada. Suala la riba katika mtaa wenye misikiti mingi namna hii halihitaji tanbihi. Alimwambia, basi mmoja tu ndiye bepari wa mama yako, mwingine ni bepari wa baba yangu.

Sentensi hiyo ya mzee ndiyo iliyojenga nusu ukurasa. Binti aliandika kwamba angeliacha neno la Nyerere, lakini kwa sharti kwamba msomaji azijue maana zote mbili, kwa sababu wingi wa Kiswahili unawabeba wote wawili na neno lenyewe linawatenganisha. Kiingereza chake kina makosa matano ya sarufi. Wazo ni lake. Simu ingempa muhtasari wa tamthilia kwa sekunde tatu; isingempa mzee wa kibarazani.

Mbinu hii ina wazee wake pia. Miaka ya 1920 pale Cambridge, I. A. Richards aliwagawia wanafunzi mashairi yaliyofutwa majina ya watunzi, akawapa wiki nzima waandike wanachokiona. Kitabu alichokitoa mwaka 1929 kilionyesha kwamba hata waliosoma shule nzuri walijikwaa vibaya walipokosa jina la kujishikiza. Alichofanya ni kuondoa jibu lililopikwa. Huku kwetu, mwaka 1968 Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Kumtuma mtoto kwa mzee ni tawi la mti huo. Ninachowalaumu warithi wa mjadala ule ni kwamba tulibadilisha vitabu tukaacha maswali ya zamani. Oyono-Mbia akaingia mahali pa Mwingereza, akapokewa na "taja dhamira nne".

Kazi ya tatu haikosi kasoro. Mistari 14 si tamthilia. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kujua hukumu iliishaje, na mwalimu asipoongeza dondoo nyingine wiki zinazofuata, Shakespeare atabaki kipande cha ubaoni. Tena tamthilia hii inambeba Myahudi kwa dharau ambayo haifai kupitishwa kimya mbele ya vijana wa miaka 17. Swali moja juu ya dharau hiyo lilihitajika, na halikuwapo. Na mtoto asiye na mzee karibu afanye nini? Buyenzi wazee wako kila kibaraza. Mitaa mipya ya pembezoni mwa jiji sina hakika.

Upande wa usahihishaji ndiko ninakompa mwalimu mkono. Chukua darasa la wanafunzi 60. Kurasa tatu kwa kila mmoja ni kurasa 180, nazo zitasomwa kwa kurukwa, zirudi baada ya mwezi na alama ya vema isiyomfundisha mtu. Nusu ukurasa kwa dakika mbili ni saa mbili za kazi, na madaftari yanarudi kesho yake wakati mtoto bado anakumbuka alichofikiri. Mgawanyo wa alama ulikuwa ubaoni tangu siku ya kwanza: tatu kwa namba ya mstari, nne kwa alichosema mzee na namna ulivyokipima, tatu kwa uamuzi wako. Sarufi ilisahihishwa kwa wino mwekundu bila kukata alama. Walimu wa Kiingereza watanigombeza, lakini mtoto anayeogopa kosa la sarufi huandika sentensi za kuazima, na hapo tunarudi kwenye Mvoutessi iliyopoteza s.

Mpwa wangu alipata 7 kati ya 10. Ule mkato wa wino ulikuwa mahali sahihi, jina la Antonio likiwa juu yake, ila alisahau kuandika ni mstari wa ngapi.