Nani Hajafiwa? Kisa Gotami na Tafsiri ya Neno Dukkha

Hadithi ya Kisa Gotami imesimuliwa mara nyingi mno hata wasomaji wengi hudhani wanaijua. Mama kijana wa mji wa Savatthi, kaskazini mwa India, anafiwa na mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kwa kuwa hajapata kuona kifo, anaibeba maiti kiunoni na kwenda mlango kwa mlango akiomba dawa. Watu wanamcheka. Mtu mmoja mwenye busara anamwelekeza kwa Buddha, naye Buddha anamwagiza alete punje za haradali kutoka katika nyumba ambayo hajapata kufa mtoto wala mtu mwingine yeyote. Haradali inapatikana kila mahali. Nyumba yenyewe haipatikani. Gotami anaiacha maiti msituni, anarudi kwa Buddha, kisha anaingia utawani. Jina lake, tuseme mapema, halihusiani na neno letu "kisa": kwa Kipali maana yake ni "mwembamba".

Funzo linalotolewa kwa kawaida ni moja: kila mtu atakufa, basi tulia. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Hoja yangu ni kwamba Gotami hafundishwi kuwa watu hufa; anafundishwa kuwa watu hufiwa. Kati ya mafunzo hayo mawili pana umbali mkubwa, na Kiswahili, kwa sababu za kisarufi tu, kina uwezo wa kuuonyesha umbali huo kwa uwazi ambao Kiingereza, lugha iliyotufikishia wengi wetu hadithi hii, hakina.

Tuanze na matini. Hadithi kamili imo katika ufafanuzi wa Dhammapada, matini ya Kipali ya karibu karne ya 5 ambayo mapokeo yanaihusisha na jina la Buddhaghosa. Tafsiri ya Kiingereza ya ufafanuzi huo, kazi ya Eugene Burlingame, ilitoka mwaka 1921. Lakini kufikia wakati huo hadithi ilikwisha kuenea kwa njia nyingine. Edwin Arnold aliitia katika utenzi wake The Light of Asia mwaka 1879, na Paul Carus akaisimulia upya katika The Gospel of Buddha mwaka 1894. Carus alifanya badiliko moja ambalo wasomaji wake wengi hawalitambui. Kwake, Gotami anachoka kuzunguka, anaketi kando ya njia, na kutazama taa za mji zikiwaka na kuzimika mpaka giza linatanda kote. Hapo hapo anaelewa hatima ya wanadamu.

Katika ufafanuzi wa Kipali taa hazipo njiani. Zipo ukumbini mwa watawa, baadaye, wakati Gotami amekwisha kuwa mtawa na zamu ya kuwasha taa imemfikia. Anaona ndimi za moto, huu ukipanda na ule ukififia, na hilo analifanya mada ya tafakuri. Carus, kwa kuzihamisha taa kutoka ukumbini hadi njiani, ameyafanya matukio mawili kuwa moja. Tunachopoteza ni muda. Matini ya kale inatofautisha siku mama anapoweza kuuweka chini mwili wa mwanawe na siku mtawa anapoelewa namna vitu vyote vinavyotokea na kutoweka. Ya kwanza ni kuzinduka. Ya pili ni kuamka. Msimulizi wa kale alijua kwamba mtu hayapati yote mawili kwa jioni moja.

Sasa turudi milangoni, maana hapo ndipo penye uzito wa hadithi. Iwapo Buddha alitaka tu Gotami ajue kwamba kifo ni cha wote, angeweza kumwambia. Sentensi moja ingetosha. Badala yake anampa kazi ya miguu na ya mdomo: aulize, na aulize kwa walio hai. Kila anayejibu hana budi kumkumbuka maiti wake mwenyewe: huyu mtoto, yule mume, mwingine mzazi. Wale wale waliomcheka alipoomba dawa sasa wanamjibu kwa habari za misiba yao. Kilichobadilika ni swali.

Kiswahili kinaliona jambo hili ndani ya kitenzi. Kutokana na kufa tunapata kufia, na kutokana na kufia tunapata kufiwa. "Mtoto amekufa" ni habari ya mtoto. "Gotami amefiwa" ni habari ya Gotami. Kiima ni aliye hai. Kifo kimetokea kwa mwingine lakini kimemwangukia yeye, na hakiwezi kumwangukia asiye na uhusiano na marehemu. Kiingereza kina neno la kumwita mfiwa, lakini asili ya neno hilo ni kunyang'anywa, kana kwamba marehemu alikuwa mali. Kitenzi chetu hakisemi juu ya mali. Kinasema juu ya mfungamano.

Ndiyo maana inafaa kuilinganisha hadithi hii na nyingine inayofanana nayo mno, ambayo baadhi ya wasomaji wa jarida hili, hasa walioko Uarabuni, huenda wanaifahamu. Katika mapokeo ya Kiarabu ya hekima, yakiwemo yale yaliyokusanywa na Hunayn ibn Ishaq katika karne ya 9, Iskandar wa Makedonia akiwa karibu kufa anamwandikia mama yake barua ya taazia. Anamwagiza aandae karamu kubwa, na atangaze kwamba asihudhurie mtu aliyepata kupatwa na msiba. Siku ya karamu inafika, na hakuna anayekuja. Mama anaelewa mwanawe alikusudia nini.

Wazo ni lile lile, lakini usanii umegeuka. Mama wa Iskandar anakaa na kungoja, Gotami anatembea. Malkia anafarijiwa na ukumbi mtupu, yaani na watu ambao hakuwaona wala kuwasikia. Gotami anafarijiwa na sauti. Mmoja anapata hoja. Mwingine anapata majirani. Hadithi ya Kiarabu ina heshima yake, nayo ni nzuri kwa ufupi wake, lakini ndani yake kufiwa kunabaki kuwa idadi. Katika hadithi ya Savatthi kufiwa kuna uso katika kila kizingiti.

Kutokana na hayo tunaweza kulikabili neno dukkha, ambalo ni msingi wa mafundisho yote ya Kibuddha. Tafsiri inayojitokeza haraka kwa Kiswahili ni "mateso". Naona haifai. Mateso yametokana na kutesa, na penye kutesa pana mtesaji. Masikioni mwetu neno hilo limejaa gereza, vita, na msalaba. Hotuba ya kwanza ya Buddha inaitaja dukkha kwa namna nyingine kabisa: kuzaliwa, kuzeeka, kufa, kukutana na usichokipenda, kutengana na ukipendacho, kukosa ukitakacho. Mapokeo yakaigawa katika ngazi tatu: maumivu yaliyo dhahiri, machungu yaliyomo ndani ya raha kwa kuwa raha hubadilika, na hali ya kutotosheka iliyomo katika kila kitu kinachotegemea masharti ili kiwepo. Hakuna mtesaji katika orodha hiyo. Gotami hakuteswa na mtu.

Neno lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni "dhiki". Kwa asili yake ya Kiarabu dhiki ni ufinyu, na mwenzake, faraja, ni kufunguka kwa kilichobana. Ulimwengu wa Gotami umekuwa finyu hata umelingana na mwili mmoja mdogo anaoubeba. Mlango baada ya mlango, ulimwengu huo unapanuka. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Methali yetu husema baada ya dhiki faraja, na ile "baada" yatufundisha kungoja. Fundisho la Buddha haliutegemei muda. Dhiki haiishi kwa kuwa siku zimepita. Inakwisha pale kung'ang'ania kunapokoma. Mfasiri atakayetumia "dhiki" itampasa alieleze hilo mapema.

Swali la moyo, au akili, au nafsi, ni gumu zaidi. "Nafsi" ndilo neno litakalomvutia mfasiri msomi, nalo ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa nafsi ya kudumu ndiyo hasa ambayo Ubuddha unakana kuwapo. "Akili" nayo inaacha nje huzuni. Napendekeza "moyo". Kwa Kiswahili moyo huwaza, hutaka, huumia na hukumbuka. Wachina nao walilitumia neno lao la moyo kulitafsiri neno citta, na Buddhaghosa mwenyewe aliweka makao ya fahamu moyoni. Moyo huo, kama zile ndimi za moto ukumbini, hautulii katika hali moja: huwaka na kufifia, na anayeutazama hapati kitu cha kukishika na kusema "hiki ndicho mimi".

Katika Samyutta Nikaya kuna mandhari fupi yanayothibitisha usomaji huu. Gotami ameketi peke yake msituni. Mara, mshawishi, anamjia na kumuuliza kwa nini amekaa na uso wa machozi kama mama aliyefiwa na mwana. Mshawishi hakuchagua swali hilo ovyo. Anagonga palepale penye kovu. Gotami anajibu kwamba habari ya kufiwa na wana imekwisha kwake. Hasemi kwamba amesahau. Anamtambua anayezungumza, na Mara anaondoka. Msomaji anaweza kumwona Mara kuwa kiumbe, au akamwona kuwa sauti ya moyo wenyewe ukirudia mazoea yake. Kwa vyovyote, kumbukumbu ipo, ila haimburuzi tena.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Katika Therigatha, mkusanyiko wa mashairi 73 ya watawa wa kike, shairi lenye jina la Kisa Gotami halina haradali hata punje moja. Linaanza kwa kusifu marafiki wema, linataja adha za ukewenza na uzazi, kisha linasimulia mwanamke aliyepoteza mume, watoto, wazazi na ndugu, msiba ambao wafafanuzi wanamhesabia mtawa mwingine, Patacara. Wataalamu huuona mchanganyiko huo kuwa kosa la mapokezi. Pengine ni kosa. Lakini ni kosa linaloafikiana na hadithi: kilio cha mwanamke mmoja kimeingia kinywani mwa mwingine, na hakikusikika kuwa kigeni.

Hatari ya hadithi hii inabaki. Usemi kwamba wote wamefiwa umetumika mara nyingi kumnyamazisha aliyefiwa leo. Sisi tunaoishi mbali tunalijua jambo hilo. Habari ya msiba hufika kwa simu, mazishi hufanyika bila sisi, na rambirambi huja kwa ujumbe mfupi ulionakiliwa, ukitukumbusha kwamba njia ni ya wote. Hiyo ni faraja ya ukumbi mtupu. Huko Savatthi hakuna aliyemwambia Gotami anyamaze. Kila nyumba ilimwambia nani wao alikufa.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili atakapofika kwenye agizo la Buddha, namwomba asiandike "nyumba ambayo hajafa mtu". Aandike "nyumba isiyopata kufiwa". Nyumba haifi, lakini yaweza kufiwa, na wanaoulizwa mlangoni ni wale waliobaki.