Kitabu Kimoja, Sinema Tatu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi walimtupia Peter Jackson methali hii alipokigeuza The Hobbit, kitabu kimoja cha Tolkien cha mwaka 1937, kuwa sinema tatu, kati ya 2012 na 2014. Sisi twakiri kwamba tulizifurahia. Mapambano ya mzee Gandalf na mwovu wa msituni, ambayo kitabu chayataja kwa kupita tu, yamejazwa kwa maelezo ya Tolkien mwenyewe yaliyomo mwishoni mwa The Lord of the Rings. Hayo si maji. Ni tembo la mnazi ule ule.

Lakini vita vya mwisho vyatusikitisha. Kitabuni Bilbo, shujaa mfupi wa hadithi, hupigwa jiwe akazirai. Azindukapo vita vimekwisha, na mtoto asomaye huonyeshwa huzuni ya kufiwa, si utamu wa kuua. Sinema imevirefusha vita hivyo hata mauaji yakawa mchezo.

Kurefusha hadithi si kosa. Fanani wetu wamefanya hivyo tangu zamani. Kosa ni kupiga kelele pale ambapo mtunzi alinyamaza kwa makusudi.